Mpaka Utosi Ufunge

Mwanangu alizaliwa njiti, mwaka ule ambao kiwanda cha nguo alichokuwa akifanya kazi mume wangu kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi. Nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule moja ya Mwembesongo, Morogoro. Uchungu ulinianza nikiwa ubaoni, chaki mkononi, mimba haijatimiza hata miezi minane. Niliposimama ghafla na kushika ukingo wa ubao, watoto walidhani nimekasirika kwa kelele zao. Wakanyamaza wote. Mpaka leo darasa likinyamaza ghafla, mkono wangu hutafuta ukingo wa ubao.

Alikuwa mdogo kiasi kwamba nesi alimbeba kwa kiganja kimoja. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, unaiona mishipa yote. Nesi alimlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatuzungushia kitenge na kukifunga kwa nguvu. "Mama, wewe ndiyo jiko lake sasa," akasema. "Usimtoe." Nikakaa hivyo, naogopa kusinzia nisije nikambana, naogopa kukohoa nisimshtue. Njiti wana tabia ya kusahau kupumua. Alipotulia namna ile, nami pumzi yangu ilikatika, nikawa namkwaruza unyayo kwa ukucha mpaka avute tena hewa.

Tukiwa bado wodini akaja daktari mmoja ambaye sikuwa nimemwona kabla. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa anasukuma kitoroli chenye mashine, na juu yake kioo kidogo kama televisheni. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa hongera, kisha akakaa kitandani pangu. Madaktari hawakuwa na mazoea ya kukaa kitandani kwa mgonjwa. Nikajua kuna jambo.

"Mama, nafanya utafiti wa namna ubongo wa njiti unavyokua," alisema. "Mguse hapa utosini. Unasikia palivyo laini? Mfupa haujafunga, na hapo ndipo mashine hii inapopitia kutazama ndani. Ningependa nimpige picha leo, halafu mwezi ujao, halafu tena, hivyo hivyo mpaka utosi ufunge."

"Kwa nini mara nyingi hivyo, daktari? Picha moja haitoshi?"

"Picha moja inaniambia ubongo ukoje leo. Hainiambii unakwenda wapi. Ubongo wa mtoto mchanga unabadilika kila wiki. Nikizipanga picha zake, ya sasa na ya baadaye, ndipo naona kama unakua vizuri au kuna mahali panakwama."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa umekataa. Atatibiwa kama watoto wengine."

Nilikubali. Watu waliokuja kunisifu baadaye kwamba nilikuwa jasiri hawakujua ukweli. Nilikubali kwa sababu neno "kukwama" lilikuwa limekwisha kuingia kichwani mwangu, na nisingeweza kulala nalo bila kutazama.

Alimpaka utosini jeli ya baridi, mtoto akakunja uso, kisha akaweka kile kifaa kilichofanana na mpini wa jembe uliokatwa. Kwenye kioo sikuona mtoto wala kichwa. Niliona kijivu na weusi vikitikisika, kama dirisha linalopigwa na mvua. Nikaacha kukitazama kile kioo, nikawa namtazama daktari usoni. Hiyo ikawa ndiyo kazi yangu kwa miezi yote iliyofuata, kusoma uso wake. Aligeuza kifaa upande mmoja, akakirudisha, akakaa palepale muda mrefu. Akavaa miwani.

"Kuna damu kidogo imevuja ndani, upande wa kushoto," alisema polepole. "Huwatokea njiti wengi."

"Itaondoka?"

"Ikiwa ndogo, mwili huinyonya yenyewe. Hii si ndogo sana, wala si kubwa sana. Tutaona."

Nilitoka hospitalini na neno hilo, tutaona. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mwembesongo, sisi na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mshonaji. Nilichukua futi yake ya kushonea nikawa nampima mtoto kichwa kila asubuhi, kama daktari alivyonielekeza kufanya mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki nilishindwa. Nilipima asubuhi, nikapima baada ya kumnyonyesha, nikapima akilala. Kila mara jibu lilikuwa tofauti kidogo, maana futi ilikuwa inateleza kwenye nywele. Likizidi, nilipima upya. Likipungua, niliogopa kwamba nimekosea.

Majirani nao hawakunisaidia. Habari zilienea kwamba mtoto wa mwalimu anapigwa picha za ubongo. Mmoja aliniambia dukani kwamba picha hizo zinapelekwa Ulaya, na kwamba mtoto akishapigwa picha ya ubongo akili yake hubaki hukohuko. Nilicheka mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikamvika mtoto kofia ya sufu, na joto lile la Morogoro.

Aliyenikalia kooni zaidi alikuwa mama mkwe. Hakupenda mashine hata kidogo. "Kile kidude kinampikia ubongo," alikuwa akisema. "Mtoto hajakomaa, nyie mnamchokonoa utosini." Niliona ni ushamba wa kawaida, nikawa namjibu kwa adabu na kuendelea na mambo yangu. Mpaka mchana mmoja tulipokuwa barazani tunachagua mchele wa Turiani, yeye ana ungo na mimi nina ungo, mtoto kalala kati yetu. Alisimamisha mikono yake.

"Mumeo si mtoto wangu wa kwanza," alisema.

Sikujua. Hata mume wangu hakuwa anajua.

"Wa kwanza alikuwa wa kike. Alizaliwa mzima. Kichwa kikaanza kukua, kikakua, mwili umebaki vilevile. Mwishoni macho yalikuwa yanatazama chini tu, kama jua linalozama. Shingo haikuweza kubeba kichwa kile, nilikuwa nakishika mimi kwa mikono miwili. Watu walinikimbia. Hakuna aliyeniambia ndani mna nini." Akachukua jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani. "Sasa wewe kila siku unampima huyu. Unadhani sikuoni? Nikikuona na hiyo futi nataka kupiga yowe."

Tuliendelea kuchagua mchele. Tangu siku hiyo nilipima kichwa cha mtoto chumbani, mlango nimeurudishia, na hofu ndani ya nyumba ikawa ya wawili.

Picha ya pili daktari aliipiga mtoto akiwa ameongezeka uzito, ananyonya vizuri, amenenepa mashavu. Nilikwenda na matumaini. Daktari aliitoa picha ya kwanza kwenye bahasha, karatasi nyembamba inayong'aa, akaibandika pembeni ya kioo. Akatazama ya zamani, akatazama mpya. Akavaa miwani, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Damu imepungua," alisema. "Lakini tazama hapa. Ndani ya ubongo kuna vyumba vya maji, kila mtu anavyo. Mwezi uliopita vilikuwa vyembamba hivi. Sasa vimepanuka. Inawezekana damu imeziba njia ya maji kutoka."

"Kichwa kitakua?"

"Kinaweza. Na vyumba vinaweza kusimama hapohapo visipanuke tena. Sitaki kukudanganya kwa upande wowote. Sasa nitamtazama kila wiki. Vikiendelea, tutampeleka Dar es Salaam wakamwekee mrija wa kupunguza maji."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu amekaa kitandani na viatu vyake vya kazi. Kiwanda kilikuwa kimewapa barua za kupunguzwa kazini, yeye na nusu ya wenzake wa pale kiwandani Kihonda, mpaka mwenye mali mpya atakapojua anawahitaji wangapi. Nilimweleza habari ya vyumba vya maji. Alisikiliza akitazama viatu.

"Tusimpeleke tena," alisema.

"Unasema nini?"

"Kila akienda huko anarudi na ugonjwa mpya. Hapa nyumbani anacheka, ananyonya. Tumwache. Kama Mungu amepanga, amepanga."

"Ugonjwa hauletwi na mashine."

"Wewe umejuaje?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini nilimwona kidevu kinatetemeka. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa kama mimi, ila yeye hofu ilimtaka afumbe macho na mimi ilinitaka niyafumbue. Tulikaa siku kadhaa bila kusemeshana. Wiki ya picha ikapita na sikwenda.

Ndipo nikapeleka ujumbe kwetu Mgeta, nikiupitisha kwa akina mama wanaoshusha kabichi sokoni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo zito la mtoto hulisemei bila mjomba. Mjomba wangu alikuwa mkulima wa karoti na njegere, katekista wa kigango chao, mtu wa maneno machache. Alishuka mlimani, akaingia kwetu na gunia la viazi begani, akapokea shikamoo zetu zote, akanywa maji, akamtaka mtoto. Akamweka mapajani, akampitishia kidole utosini taratibu.

"Hiyo mashine inamuumiza?" aliniuliza.

"Hapana, mjomba. Analala hivyohivyo inapomtazama."

"Inamtibu?"

"Haimtibu. Inatazama tu."

"Sasa kutazama kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kujua," alijibu mume wangu kutoka mlangoni.

Mjomba alimtazama kwa huruma. "Baba," alimwambia, maana kwetu mkwe huitwa kwa heshima, "mimi nina shamba kwenye mteremko. Mvua ikinyesha sana naogopa kwenda kulitazama. Nisipokwenda, udongo unateremka vilevile. Kesho nitakwenda nao hospitali. Ukipenda twende wote, usipopenda baki, hatutakusema."

Asubuhi ilipofika mtoto hakuwa sawa. Alitapika maziwa yote, akatapika tena bila kitu tumboni, kisha akalala usingizi mzito usio wake. Nilipomfungua macho kwa kidole, weupe ulionekana juu na mboni zilikuwa zimeshuka chini. Mama mkwe alichungulia juu ya bega langu. Alipiga yowe lile aliloniahidi, akatoka nje mbio, akakaa chini uani ameshika kichwa chake kwa mikono miwili.

Tulikwenda hospitali nusu tukikimbia, mimi, mjomba, na mume wangu ambaye hakuuliza tena chochote. Tulipofika, umeme haukuwepo. Ulikuwa wakati wa mgao, na jenereta la hospitali lilikuwa linahudumia chumba cha upasuaji, kuna mama anatolewa mtoto kwa kisu. Daktari alimpima mtoto kichwa, akamgusa utosi. Ulikuwa umevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma. Uso wa daktari sikuhitaji kuusoma.

"Lazima aende Dar leo," alisema. "Lakini nikimpeleka na picha ya leo pamoja na zile mbili, watamwingiza moja kwa moja, hawataanza kuuliza. Bila picha ataambiwa asubiri foleni. Nahitaji umeme, dakika chache tu."

Mume wangu ndiye aliyesema. "Kibanda cha video."

Wakati ule vibanda vya video vilikuwa vimeota kila mtaa. Kilichokuwa karibu na kwetu kilikuwa na jenereta lake la Kijapani, na wanaume wengi walioachishwa kazi walishinda mle, mume wangu akiwa mmoja wao, jambo ambalo ndiyo kwanza nalijua. Daktari hakusita. Mashine ilipakiwa nyuma ya pikapu ya hospitali, ikazungushiwa mashuka, mjomba akapanda nyuma akaikumbatia.

Ndani ya kibanda kulikuwa na giza na jasho, na kwenye televisheni Wachina wanapigana mateke. Mume wangu alisimama mbele ya kioo. Watu wakaanza kuzomea. "Toka mbele, bwana!" Mwenye kibanda akaja na hasira. Kisha daktari akaingia na koti lake jeupe, nyuma yake mimi na mtoto ambaye shingo ilikuwa imelegea mkononi mwangu. Mwenye kibanda alimtazama mtoto, akaenda mwenyewe akachomoa waya wa televisheni.

"Tokeni nje wote," alisema. Walitoka. Hakuna aliyedai kitu.

Nilikaa kwenye benchi, mtoto mapajani. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya ukuta wa mabati, na mwanga wa mashine ukapanda na kushuka kabla haujatulia. Daktari alikuwa na jasho mpaka kwenye miwani. Safari hii sikumtazama usoni. Niliogopa sana kiasi kwamba nilitazama kioo, na kwa mara ya kwanza nikaona anachokiona yeye. Katikati ya kijivu kulikuwa na weusi mkubwa, umekaa kama kipepeo aliyefungua mabawa, na bawa la kushoto limezidi la kulia. Nilikumbuka uwazi mwembamba wa picha ya kwanza. Sikuhitaji kuelezwa.

"Mungu wangu," nilisema.

"Nimeipata," alisema daktari. Karatasi ikatoka inang'aa. "Twende."

Nje watu walikuwa wamesimama kwenye jua kali, wametuachia njia. Mmoja wa waliokuwa wanazomea alinishika mkono kunisaidia kupanda pikapu. Daktari alikuja nasi mpaka Dar es Salaam. Njiani kutoka Morogoro sikumbuki hata kijiji kimoja. Nakumbuka nilikuwa nauliza, "Anapumua?" na mjomba anaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, ananijibu, "Anapumua." Nikauliza tena hapohapo, naye akajibu tena, wala hakuchoka.

Walimwingiza chumba cha upasuaji jioni ileile. Walimwekea mrija mwembamba unaotoka kichwani, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka hadi tumboni. Siku iliyofuata alifungua macho na mboni zilikuwa zimepanda mahali pake. Alinitafuta kwa macho, akalia kwa njaa. Mume wangu alitoka nje ya wodi, nikamkuta amelala kifudifudi kwenye nyasi.

Ningependa kusema hofu iliishia hapo. Ilibadilika tu. Mrija huziba, tuliambiwa, tena bila taarifa. Kila mafua, kila kutapika, kila usingizi mrefu ulitupeleka mbio kwa daktari. Lakini sasa tulikwenda wote, na siku moja mama mkwe naye alikwenda. Aliomba kuonyeshwa. Daktari alimpangia picha mezani moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza, akamwonyesha kwa kalamu jinsi vyumba vilivyopanuka na jinsi vilivyoanza kusinyaa, na ubongo unavyorudi kujaza nafasi yake. Mama mkwe aliweka kidole kwenye ile iliyopigwa kibandani.

"Yule wangu naye alikuwa hivi ndani?" aliuliza.

"Sikumwona, mama. Lakini nadhani ndiyo."

"Kwa hiyo yalikuwa maji."

"Yalikuwa maji."

Alilia pale mezani, kwa sauti ndogo, na daktari hakumharakisha.

Mtoto alipokaribia kutimiza mwaka na nusu, utosi ulikuwa umebaki tundu la ncha ya kidole. Picha zilikuja zenye ukungu, kipande tu. Nilikuwa nimezichukia picha zile, na sasa zilipokuwa zinafika mwisho nilijisikia kama mtu anayefungiwa mlango, mwanawe yuko ndani. Nilimwambia daktari hivyo.

"Sasa utamtazama mwenyewe," alisema. "Anavyotembea, anavyoshika, anavyosema. Hiyo nayo ni picha, na ni bora kuliko zangu." Hakunifariji sana. Nilikuwa mwalimu. Nilijua watoto wanaokaa nyuma ya darasa na jinsi wenzao wanavyowacheka.

Alichelewa kutembea. Mkono wake wa kulia ni dhaifu mpaka leo, na mguu wa kulia unaburuta akichoka. Kuhesabu kulimtesa, lakini wimbo akiusikia mara moja kanisani anao. Mume wangu hakurudi kiwandani. Yeye na mjomba walianza kushusha mboga za Mgeta na kuzipeleka Dar, na hivyo alijua njia ya kule vizuri pale daktari alipotuita huko kwa picha ya mwisho ya utafiti, katika mashine kubwa yenye tundu la duara, mtoto akiwa amekwisha kuanza shule.

Aliambiwa asitikisike. Nilimtazama kupitia kioo kinene, miguu yake miwili yenye soksi za shule imetokeza kwenye lile tundu, na nikatamani kumkwaruza unyayo kama siku za wodini. Daktari, nywele zake zimeshaingia mvi, alikaa mbele ya picha. Nilingoja avae miwani. Alikuwa tayari ameivaa.

"Pale palipovuja damu pana kovu," alisema. "Halitaondoka. Lakini jirani yake pamekua zaidi ya nilivyotegemea. Sijui kwa nini. Ndiyo maana tunaendelea kutazama."

Tulitoka nje kwenye joto la Dar. Mwanangu alikuwa na njaa, tukamnunulia chipsi kwenye kibanda cha barabarani. Alikataa kulishwa. Aliishika sahani kwa mkono wa kushoto, akaikandamiza kifuani kwa ule wa kulia, akawa anainama na kuzila moja kwa moja kwa mdomo, huku akinicheka kwa jinsi nilivyokuwa namtolea macho.